Pomedi ya Jumapili

"Hii pomedi ya maji, nikijipaka asubuhi, nywele hazinyanyuki mpaka mimi mwenyewe nizipe ruhusa!" Shomari aliwatambia wapangaji wenzake uani, kichwa kinameta. Kama kila Jumapili, alikuwa anakwenda kwa mchumba.

"Msalimie," alisema Bi Mwanakombo, jirani yake wa chumba cha pili. "Mwambie kapata mtanashati!"

Shomari alipofika uwanja wa mpira, jua lilikuwa limeshaikausha pomedi. Nywele za kisogoni zikaanza kusimama moja moja kama wanafunzi wanaoitwa majina, na jasho likateremsha utelezi mpaka kwenye nyusi. Akaenda kwenye bomba la pembeni mwa uwanja, akalowesha kitana, akachana. Uzuri wa pomedi ile ni huo: ikionja maji, inaamka. Nywele zikalala. Akakaa kwenye benchi tupu. Zikasimama. Akarudi bombani. Mchumba hakuwapo, wala hajawahi kuwapo. Kilichokuwapo ni mchana mrefu wa kuumaliza kabla ya kurudi nyumbani na habari zake.

Alikuwa ameinama tena aliposikia ndoo inatuliwa chini ya bomba.

"Kwetu maji yamekatika," alisema Bi Mwanakombo. Akafungua bomba, akakitazama kitana, akalitazama benchi. "Mwenzio yuko wapi?"

"Amechelewa kidogo, Bi."

Bi Mwanakombo hakucheka. Alikwenda akakaa, akapapasa nafasi kando yake. "Basi njoo tumngoje wote."

Shomari akakaa, kitana kinamdondoshea maji magotini. Nyuma yao ndoo ilijaa, ikafurika, na hakuna aliyeinuka kufunga bomba.