Ufa wa Darasa la Tatu

Siku ya kuamua kama mji ukope fedha za kukarabati shule, wengi walijipanga mstari wa kukataa, nyuma ya Fundi Shekue.

"Majengo haya kayajenga mwenyewe," walisema. "Kama yeye hana wasiwasi, sisi ni nani?"

Kabla hawajahesabiwa, Shekue alitoka mstarini akauendea ufa wa darasa la tatu. Akaingiza vidole, kisha kiganja, mkono ukapenya hadi ndani ya darasa.

"Vipi, baba Rehani?" mkewe aliuliza kutoka mstari wa kukubali.

"Saruji niliipunja," alijibu, wote wakimsikia. "Nilidhani ukuta utahimili."

Akaenda kusimama nyuma ya mkewe. Kule alikotoka watu waliutazama ukuta. Kisha mama mmoja akainama, akaokota kikapu chake, akamfuata.