Dohani Iliyolala

Limau lilibingirika mezani, likaanguka, likaenda kujigonga kwenye ukuta ule ule yalikoishia mengine yote. Mwenye nyumba hakuligeukia. Alikuwa dirishani, jicho moja amelifumba, anaipimia dohani ya shemeji yake kwenye ubao wa fremu ya dirisha.

"Imelala," alisema. "Imelala kama mlevi aliyeegemea mlango wa watu."

Mtaani walimwita Mkaguzi. Cheo hicho hakupewa na mtu; ni kwamba hakuna kitu cha mwenzake alichokiacha bila kukikagua. Geti la jirani lilikuwa limepinda. Nguzo za umeme zilisimikwa na watu waliokuwa wakisinzia. Na vyote, ajabu, vililalia kushoto, ndiyo maana akaamini mafundi wa mtaa ule walifundishwa na mjinga mmoja. Hata meza yake haikusalimika: seremala aliyeitengeneza, alisema, angefaa kuchonga vijiti vya meno.

Lakini dohani ndiyo iliyomnyima raha. Ilitoka jikoni kwa shemeji, mjane wa mdogo wake, ikapanda kwa matofali mekundu kando ya uzio, karibu kabisa na chumba alicholala yeye. Chini yake lilikuwapo tanuri la mikate, na mikate ile ndiyo iliyowasomesha watoto wa shemeji na kumweka mjini mpaka leo. Moshi usipopata pa kutokea, tanuri limekufa. Mkaguzi alilijua hilo vizuri, na bado alitaka dohani ibomolewe.

Asubuhi hiyo alimleta fundi wake mwenyewe. Wale wa shemeji, alisema, hawawezi hata kujenga banda ambalo kuku angekubali kulala.

Fundi alikuwa mtu mfupi, mdomo wake mkali kuliko mwiko wake. Alipanda ngazi, akagonga tofali moja moja kwa mpini wa nyundo, sikio karibu. Yaliyolia kama kengele aliyaacha. Mawili yakaitika kama chungu chenye ufa. Akachokoa maungio kwa msumari, na huko juu kabisa udongo ukamwagika kama unga. Kofia ya saruji nayo ilikuwa imepasuka.

"Ugonjwa upo," aliita kutoka juu, "ila ni mafua tu! Maji yanaingia kwenye ufa wa kofia. Nabadilisha matofali mawili, nakwangua maungio, najaza chokaa mpya, naziba kofia. Mama, wiki ijayo unaoka."

"Mafua!" Mkaguzi alichekea puani. "Mgonjwa anaanguka, daktari anamfuta kamasi! Hebu shuka, uje uone kwa macho ya watu wazima."

Fundi alipoingia sebuleni kwa Mkaguzi aliyumba kidogo, akashika ukuta. Mlango ulitaka kujifunga nyuma yake. Mkaguzi akausukuma na kurudisha tofali alilozoea kuuzuia nalo.

"Bawaba za siku hizi ni takataka," alisema. "Haya, simama hapa. Fumba jicho. Linganisha na fremu."

Fundi alifumba jicho. Akalinganisha.

"Duh," alisema. "Ukiwa hapa, kweli imelala."

Shemeji alikuwa kizingitini, unga hadi viwikoni. Akashika mdomo.

"Umesikia?" Mkaguzi alimgeukia. "Ndugu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini kujenga dohani? Kutwa na uzi wake na kipande cha chuma, ananing'iniza na kutazama kama mtoto anayevua kambale. Mimi nyumba hii niliinyoosha kwa jicho hili. Jicho tupu!"

"Shemeji, nikikosa tanuri nitakula nini?"

"Na mimi nikiangukiwa usingizini, nitakula nini?"

Shemeji alivuta pumzi. "Basi fundi aipime kwa uzi. Akikuta imelala, inabomolewa leo, na tofali la kwanza nalitoa mimi. Je, akikuta imesimama?"

"Imesimama!" Mkaguzi alijishika tumbo kwa kicheko. "Ikiwa imesimama, nyumba hii chukua, uweke kuni zako!"

Fundi akapanda tena. Akateremsha timazi kutoka kwenye kofia mpaka chini, akasubiri kile chuma kitulie mwishoni mwa uzi, akatazama. Akahamia ubavu wa pili, akateremsha tena, akatazama tena. Chini ya ngazi, shemeji alikuwa akiisokota aproni yake kama anakamua nguo. Dirishani, Mkaguzi alikuwa akinoa maneno.

"Sema basi! Imetoka vidole vingapi?"

Fundi alikunja uzi. Alishuka, akampita shemeji bila kumtazama usoni, akavuka uzio na kuja moja kwa moja kwa Mkaguzi, timazi mkononi.

"Karibu, karibu," Mkaguzi alisema kwa madaha. "Wala usiniombe radhi. Macho kama haya hawapewi wote."

Fundi aliingia kwa kunyata, kama mtu anayepita kando ya mtoto aliyelala. Akabana uzi juu ya fremu ya dirisha, akakiachia chuma. Juu, uzi uligusana na ubao. Chini, kati ya uzi na ubao, ngumi ingepita bila kukwaruzika.

"Fundi!" shemeji aliita kutoka nje. "Imelala?"

"Yako imesimama, mama," fundi alijibu kwa sauti ya chini, macho juu darini. "Mzee, toka polepole. Na hilo tofali la mlangoni, tafadhali, usiliguse."