Ishara za Chang'ombe

Nahodha wa Chang'ombe alijishika sikio, na kabla mpira haujamtoka mkononi, vijana wawili wa Kurasini walikwisha kukimbilia kushoto kuungoja. Alipojikuna shingo, wakahamia kulia. Hija, aliyesimama pembeni ya uwanja, aliona baridi inamwingia ingawa jua lilikuwa kali. Kuna mtu amewauza.

Chang'ombe walikuwa wafupi, tusifichane. Walikuwa mafundi wa karakana waliojifunza mpira wa kikapu juzijuzi, kwa pete ya pipa waliyoipigilia mtini. Kurasini walikuwa wapagazi wa bandarini wenye vifua kama milango. Mechi zilikuwa tatu, na atakayeshinda mbili ndiye wa kuchukua kombe la Bwana Disii, Mzungu mkuu wa wilaya. Mtaa mzima ulisema Chang'ombe ni kitoweo tu.

Hija peke yake ndiye aliyebisha. Timu aliianzisha yeye, mwaka wa tisa sasa, na hajashika kombe hata la bati. Aliapa kwamba hili akilikosa, atakwenda nalo kaburini moyoni. Basi akatunga ishara za mikono, wafupi wapate kuwawahi warefu, na mechi ya kwanza wakashinda. Kibarazani kwake watu walibishana mpaka kahawa ikapoa, na waliocheka jana wakasema wao walijua tangu zamani.

Ndipo ikaja hii ya pili, wakafungwa vibaya. Waliojua ishara ni wachezaji watano, Hija mwenyewe, na Fransis.

Fransis hakuna aliyemhesabu. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora na Hija Mzaramo, watani hao, na mtani hakasirikiwi. Mama yake Hija alipozikwa, Fransis alishuka kaburini akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Mvua isiponyesha, alidai yeye ndiye aliyeifunga. Tangu apunguzwe kazi karakanani, mwezi wa nne sasa, alishinda kwa Hija akila wali wake na kuutukana kuwa mbichi.

Jioni ile kibarazani hapakukalika. Wengine walisema mechi ya tatu ipo, ishara zibadilishwe. Wengine wakasema kubadili ishara na mwuzaji yumo ndani ni kutwanga maji kinuni. Mmoja akamkumbuka Leodegar.

Leodegar alikuwa karani wa karakana, Mhaya, mrefu pekee kati yao na mfungaji wao mkubwa. Kila Jumapili baada ya misa alionekana nje ya kanisa na mchezaji mmoja wa Kurasini, mtu wa kwao Bukoba, wakizungumza Kihaya. Walimwuliza wanazungumza nini. Akajibu kwa upole kwamba mama yake anaumwa, na yule mwenzake ndiye anayeletewa habari. Hakuna aliyemwamini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Hija akasema.

Fransis akasimama. "Mwacheni kijana wa watu. Aliyewauza ni mie."

Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Hija, ambaye tangu adhuhuri hakuwa ameonyesha jino, alicheka mpaka akafuta machozi.

"Mtani, wewe Kurasini wakununue kwa kipi?"

"Kwa ugali, mtani."

Wakacheka tena. Fransis akaketi, akataka aongezewe kahawa.

Leodegar akaivua fulana ya timu, akaikunja vizuri, akaiweka mkekani. Asubuhi yake, akienda kazini, alipita mlangoni kwa Hija akatoa shikamoo. Hija akageuza uso. Ilimuuma, kwa kuwa alimpenda kijana yule kama wa kumzaa, na kwa sababu hiyohiyo aliona ametendwa ubaya mkubwa zaidi.

Ishara mpya alizitunga mwenyewe uani, akawafundisha waliobaki na yule aliyeshika nafasi ya Leodegar. Fransis alikuwepo akitafuna mihogo, akisema hizi ni mbovu kuliko za kwanza.

Jumapili uwanja ulijaa. Fransis hakuja, alituma neno kwamba ana homa. Nahodha akagusa goti, Kurasini wakawahi. Akagusa nywele, wakawahi. Na Leodegar hayupo wa kurusha kutoka mbali. Mpaka filimbi ya mwisho ilikuwa arobaini kwa kumi na saba, na watu wa Chang'ombe wakatawanyika bila kuagana.

Hija alibaki uwanjani. Kombe limekwenda, na msaliti bado yumo. Aliwatazama vijana wake wakikusanya viatu, mmoja baada ya mwingine, na kila uso aliutilia shaka. Kisha akakumbuka ile shikamoo aliyoiacha bila marahaba, akaona aibu kubwa. Ataanzia wapi kumwomba radhi Leodegar?

Sadallah akamjia, kombe kwapani. Alikuwa katibu wa Kurasini, mtu mzima, Mzaramo kama yeye, mtu wa maneno machache. Akampa mkono.

"Pole, ndugu yangu. Ndio mchezo." Akaangaza macho huku na huku. "Fransis simwoni. Nifikishie salamu, ile kazi ya bandarini tuliyomwahidi imepatikana. Kesho saa moja awe getini."

Hija akacheka, kwa mazoea. Akazidi kucheka, akimtazama Sadallah usoni, akingoja naye acheke.