Ubao Ndani ya Shimo

Juzi niliulaza ubao chini ya shimo la majaribio, toka ukuta mmoja wa udongo hadi wa pili, nikaacha nafasi ya kidole. Nilitaka kujua kama kuta zitasogea. Kisha mvua ikanyesha, si nyingi.

Leo nimeshuka kwa ngazi, nikauvuta. Haukutoka; ile nafasi ya kidole ilikuwa imekwisha. Nikauvuta kwa mikono miwili.

"Mama Katee, wacha woga," fundi akasema kutoka juu. "Hii udongo nyeusi ya Kitengela inapumua tu. Tutaongeza chuma kwa kuta. Tinga ya kuchimba iko hapa, inangoja wewe."

Mume wangu alikuwa kwenye simu, kutoka Magadi. Miaka kumi na tisa amefanya kazi kwenye joto kali la huko. Katika nyumba ya uzeeni tunayojenga hapa ameomba kitu kimoja tu: chumba cha chini ya ardhi, chenye baridi, cha kulala mchana.

"Wameanza?" akauliza. "Huku kazini nimeshawaambia habari za chumba. Siku hizi wananiita fuko."

Akacheka. Sikuweza kucheka naye.

Niliutazama ubao. Katikati ulikuwa umepinda, na nyuzi za mbao zimeanza kuachana. Nikaweka kiganja ukutani. Udongo ulikuwa laini, ukaninata vidoleni.

"Mama Katee, tuchimbe?"

"Zima tinga," nikasema.

Nikaisogeza simu sikioni. Nilisikia feni ya mume wangu huko Magadi, ikizunguka.