Kipande cha Ukuta wa Kijani

Fundi wa maabara ya ujenzi wa barabara alikuwa akichekecha kifusi kilichosagwa, akichanganye na ule udongo wa mfinyanzi uliokuwa ukimeza barabara kila mvua, upate kushikamana. Kipande kimoja kikagoma kupita.

Kilikuwa cha ukuta, rangi ya kijani, kipana kama kiganja. Juu yake palikuwa pamechorwa mstari wa penseli, wa kupimia kimo cha mtoto, na pembeni maneno: "Mwanangu, miaka sita."

Mwandiko ule aliujua. Herufi "w" za marehemu baba yake siku zote zilikuwa na mkia.

"Hiki kifusi kimetoka wapi?" alimwuliza dereva wa lori.

"Kwenye nyumba zilizobomolewa kupisha barabara, dada. Wiki ya tatu sasa."

Jana tu alikuwa ameongea na mama yake, wala hakumwambia lolote kuhusu nyumba kubomolewa. Akampigia, kidole gumba kikipapasa ule mstari.

"Mama, uko wapi?"

"Nitakuwa wapi tena, mwanangu? Niko nyumbani, nimekaa zangu sebuleni."

Nyuma ya sauti ile watu wengi walikuwa wakiongea, na mmoja akaita, "Namba kumi na nane, njoo uchukue blanketi."

"Haya, niambie," mama akasema haraka, "kazi inaendeleaje?"