Nyumba Isiyosikika

Tangu sheria iagize kila sebule iwekwe sikio la Serikali ukutani, Shemsa na mumewe Kombo waliacha kuzungumza nyumbani. Lenye uzito waliambiana shambani, na mengine waliyameza.

Jumamosi moja alikuja afisa, binti mpole aliyevua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama. Nyumba yenu haisikiki," alisema. "Wakubwa wanauliza mnaficha nini."

"Marahaba. Hatuna la kusema tu, mwanangu," Shemsa alijibu.

"Basi ongeeni, mama, hata la upuuzi. Nisingependa waje wengine badala yangu."

Jioni ile walikula wakiongea kwa sauti. Kombo aliusifu mchicha, akaulizia hali ya wakwe zake, akacheka pasipo na kichekesho. Shemsa aliitikia kila neno. Kisha Kombo akaliweka tonge chini, akasema, "Mke wangu, nakupenda sana."

Hakuwahi kumwambia hivyo tangu waoane. Shemsa aliinua uso ili amtazame machoni, lakini Kombo alikuwa ameuelekea ukuta.