Chaza Kumi na Wawili

Maganda yalikuwa kumi na mawili, na yote yalikuwa matupu. Mukonyo aliyageuza moja moja juu ya gazeti, nyuma ya nyumba, akitafuta hata kipande kimoja cha nyama kilichobaki. Hakukipata. Mama mkwe wake alikuwa amewamaliza chaza wote.

Simu ya Mwololo ndiyo iliyompeleka kwenye pipa la takataka asubuhi ile ya Jumapili. Mwololo aliendesha lori kutoka Mombasa hadi Namanga, ambako rafiki yake Felix, mume wa Mukonyo, alifanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani. Ijumaa, alipopita Kitengela, alimwachia Mukonyo ndoo ya chaza wabichi kutoka baharini. Barafu ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Shemeji, zile vitu hamjakula, sivyo?" Sauti yake ilikuwa ya mgonjwa. "Mimi nimelazwa huku Namanga. Daktari anasema ni bakteria ya bahari. Kwa mtu mzee inaingia kwa damu, na ikiingia, siku mbili ni mingi."

Mtu mzee. Naipanoi, mama mkwe wake, alikuwa na miaka sabini na mitatu.

Laiti asingejigamba! Kabla ya kuolewa, Mukonyo alikuwa mpishi katika hoteli moja ya pwani, na mama mkwe alipotania kwamba mke wa Felix hajui kupika kitu ila mahindi na maharagwe, akaona leo ni leo. Jumamosi mchana aliwafungua wale chaza kwa kisu. Kisu kiliteleza mara moja tu, akafunga plasta kwenye kidole cha mkono wa kushoto, kazi ikaendelea. Akawapitisha kwenye mvuke kidogo, kama hotelini, maana wakiiva sana huwa kama mpira.

Kwa Wamasai wa umri wa Naipanoi, samaki si chakula, sembuse hivi vidudu vya kwenye maganda. Aliitazama sahani kwa muda mrefu.

"Umenipikia mawe?" aliuliza.

"Ni chakula ya wakubwa hiyo, Yeyo," Mukonyo akacheka. Alimwita mama mkwe "Yeyo" kama Felix alivyomwita. Kisha akarudi jikoni, kwa kuwa si adabu kumkodolea mkweo macho anapokula. Alipotoka, sahani ilikuwa na maganda matupu tu. Hakubakiziwa hata mmoja wa kuonja, na bado alifurahi siku nzima, maskini.

Sasa alitetemeka hadi maganda yakagongana mikononi mwake. Jasho lilimtoka na baridi ikamwingia, ingawa alikuwa ndani ya sweta. Alikuwa amelala vibaya, ameulalia mkono wa kushoto, na mpaka saa hizi ulikuwa mzito kama mkono wa kuazima. Ni hofu tu, alijiambia. Akanawa uso, akaenda kumtazama mama mkwe.

Naipanoi alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda. Chai yake hakuigusa. Paka wa nyumbani alijisugua miguuni pake. Tangu jana hakumwacha.

"Yeyo, tumbo yako iko aje?"

"Tumbo yangu?" Naipanoi akamtazama usoni, akamtazama tena, na macho yake yakajaa woga ambao Mukonyo hakuwahi kuuona.

"Twende hospitali, Yeyo. Tafadhali."

"Twende. Sasa hivi."

Jibu hilo lilimvunja Mukonyo nguvu kuliko ile simu. Huyu ni mwanamke aliyevunjwa mbavu na ng'ombe akakataa daktari, akanywa supu ya mizizi akarudi zizini. Leo hakubisha hata kidogo. Basi anajua hali yake, Mukonyo aliwaza, ameshajiona anakufa. Mama mkwe alikuwa tayari amesimama, ameokota shuka mbili, anamwita jirani yao Katee kwa sauti kubwa alete gari.

Kwenye kiti cha nyuma Naipanoi alimshika Mukonyo shavu. Kiganja chake kilikuwa baridi, baridi ya maji ya mtungini. Damu inamwacha, Mukonyo aliwaza, akaanza kulia. Aliwaona wazee wa kwao Felix, kule Kisaju, wamekaa wakiulizana huyu mke alimlisha nini mama wa watu. Alimwona Felix kando ya kaburi la mama yake, hamtazami. Barabara ilipinda mahali ambapo hapakuwa na kona.

"Nisamehe, Yeyo," alisema. "Ni mimi nimekuua."

"Nyamaza, mtoto wangu," Naipanoi akasema. "Katee, ongeza mwendo!"

Daktari wa zamu, mwanamke aliyeitwa Soipan, aliwapokea mlangoni mwa kliniki. Naipanoi alizungumza naye Kimasai, haraka haraka. Mukonyo alijua salamu tu, lakini aliona jinsi uso wa daktari ulivyobadilika, akajua mambo yameharibika. Akamng'ang'ania koti kwa mkono wa kulia.

"Daktari, okoa yeye. Alikula zote kumi na mbili. Mimi hata sikuonja!"

"Hakukula hata moja, alipatia paka," Soipan akasema. "Ni wewe ameleta." Kisha akachukua makasi, akaanza kuukata mkono wa sweta ya Mukonyo kuanzia kifundoni, juu ya kile kidole kilichokatwa na kisu cha chaza, na kila alipofika, rangi ya zambarau ilikuwa imeshamtangulia.